Askari wa Kawaida wa Force Publique na Zama Zake: Kutoka Kuandikishwa hadi Uzeeni

1. Utangulizi

Historia ya jeshi la Kongo imeandikwa mara nyingi kwa majina ya wakubwa. Wanafunzi hufundishwa habari za Dhanis, Tombeur, Gilliaert na Janssens. Na kwa miaka iliyofuata uhuru hufundishwa habari za Lundula na Mobutu. Katikati ya majina hayo wamo maelfu ya watu ambao daftari za kambi ziliwaandika kwa namba, ambao vijiji viliwaona wakiondoka, na ambao, wale waliojaliwa kurudi, walirudi na koti kuukuu, pengine nishani moja, na lugha ngeni mdomoni. Katika Kiswahili cha Katanga mtu huyo huitwa soda, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa na ambalo wingi wake, basoda, bado husikika mitaani Lubumbashi. Makala haya yanamhusu yeye: jinsi alivyoingizwa jeshini, alivyoishi kambini, vita alivyopigana, na hali aliyoikuta alipovua sare.

Uchunguzi wa maisha hayo hauna lengo la kumsifu wala kumhukumu. Unasaidia kujibu swali ambalo limewashughulisha wanahistoria kwa muda mrefu: ilikuwaje jeshi lililotii amri za wakoloni kwa zaidi ya miaka sabini livunjike katika siku chache za Julai 1960? Wengi wametafuta jibu katika hotuba za wanasiasa na katika hila za mataifa ya nje. Mambo hayo yalikuwa na nguvu yake. Hata hivyo, sababu iliyo karibu zaidi ilikuwa imelimbikizwa kwa vizazi vitatu katika maisha ya askari mwenyewe. Dola ilimfanya kuwa mkono wake, lakini haikumhesabu kamwe kuwa mwana wa nyumba.

2. Kuandikishwa

Jeshi lililoitwa Force Publique lilianza kukusanywa baada ya kutangazwa kwa Dola Huru ya Kongo mwaka 1885, nalo likapewa sheria yake kwa amri ya tarehe 5 Agosti 1888. Askari wake wa kwanza wengi hawakuwa wenyeji wa nchi. Walikuwa watu wa Zanzibar, na Wahausa pamoja na watu wengine wa pwani ya Afrika Magharibi, waliokodiwa kwa mkataba. Kuwaleta watu wa mbali kulikuwa ghali, na kwa hiyo amri ya mwaka 1891 ikafungua njia ya kuwaandikisha wenyeji kwa lazima. Muda wa utumishi uliowekwa ulikuwa miaka saba.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kwa mtawala na mzito kwa kijiji. Kila mwaka wilaya ilipangiwa idadi ya vijana. Mkuu wa wilaya aliigawa idadi hiyo baina ya machifu. Na chifu ndiye aliyebaki na kazi ya kuchagua nani aende. Ni wazi kwamba hakuanza na mwanawe. Walitolewa watumwa, yatima, wadeni, wagomvi, na wale ambao ukoo wao haukuwa na sauti barazani. Hivyo, tangu hatua ya kwanza, askari alikuwa mtu aliyetolewa na wake kabla ya kupokelewa na wageni. Kwa mama aliyebaki nyuma, miaka saba ilikuwa sawa na msiba usiokuwa na kaburi. Baadaye, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, idadi ya waliojiandikisha kwa hiari iliongezeka, kwa kuwa kambi ilikuwa na mshahara, nyumba na hospitali. Lakini kumbukumbu ya kamba shingoni haikufutika upesi katika vijiji.

Miaka ya mwanzo iliwafundisha wakubwa somo moja. Askari wa Luluabourg waliasi mwaka 1895. Wale wa msafara wa Dhanis waliasi mwaka 1897. Na mwaka 1900 uasi mwingine ukatokea katika ngome ya Shinkakasa karibu na Boma. Uasi wa kwanza na wa pili umezoeleka kuitwa wa Watetela, ingawa walioshiriki walikuwa na asili mbalimbali. Jibu la dola lilikuwa kuwachanganya watu. Kanuni ikawa kwamba kikosi kimoja kisikusanye watu wa kabila moja, na kwamba askari atumikie mbali na kwao. Kijana wa Ubangi alipelekwa Katanga, wa Kasai akapelekwa Uele, wa Maniema akapelekwa Bas-Congo. Nia ilikuwa kumfanya asiwe na ndugu wa kumhurumia mahali alipotumwa kutumia nguvu.

3. Kambi: nyumba, shule na fimbo

Kambi ilikuwa mji mdogo wenye sheria zake. Siku ilianza kwa tarumbeta na kuishia kwa tarumbeta. Askari alipewa posho ya chakula, nguo na mshahara mdogo. Aliruhusiwa kuishi na mke, na safu za nyumba za kambini zilijaa wanawake na watoto. Wanawake hao hawatajwi sana katika vitabu vya vita, lakini wao ndio walioiwezesha kambi kuishi: walipika, walilima bustani, waliuguza, na kila mume alipohamishwa walifunga mizigo wakaanza upya penye watu wasiowajua.

Palikuwa na suala la lugha. Kwa kuwa watu walichanganywa makusudi, ilihitajika lugha moja ya kuelewana, na Lingala ikachukua nafasi hiyo katika jeshi zima. Hata katika kambi za mashariki na za Katanga, ambako mitaa iliyozunguka ilisema Kiswahili, ndani ya lango ilisikika Lingala. Askari alirudi na lugha hiyo kwao, naye raia akajifunza kuitambua kama lugha ya amri. Uhusiano huo wa Lingala na mamlaka ya kijeshi ulidumu hata baada ya uhuru, na hauwezi kuelezwa vizuri pasipo kurudi kambini. Upande wa pili, mtu wa Équateur aliyekaa miaka saba Élisabethville hakuondoka bila Kiswahili. Alijifunza sokoni, kwa majirani wa mkewe, na kwa watoto wake waliocheza nje ya lango.

Kambi ilikuwa pia shule. Humo baadhi walijifunza ukarani, udereva, ufundi wa magari, uuguzi au upigaji simu. Lakini shule hiyo ilikuwa na dari ya chini. Mwafrika aliweza kuwa koplo, saja, na mwishowe saja meja. Juu ya hapo palikuwa pa Wazungu. Askari mwenye miaka kumi na mitano ya utumishi alimpigia saluti kijana wa Ubelgiji aliyeshuka melini mwezi uliopita, kisha akamfundisha njia, mito, na namna ya kuongea na watu.

Kitu kilichoifunga kambi pamoja ni fimbo, yaani mjeledi wa ngozi ya kiboko. Idadi ya viboko ilipunguzwa hatua kwa hatua katika miaka ya ukoloni, na adhabu yenyewe ikafutwa mwaka 1959 tu. Askari aliyekosa alilazwa chini akapigwa mbele ya wenzake. Na askari huyohuyo ndiye aliyekabidhiwa fimbo ampige mfungwa, mkwepa kodi, au mkulima ambaye hakulima pamba aliyoamriwa. Baada ya amri ya tarehe 10 Mei 1919 jeshi liligawanywa katika vikosi vya kambini na vikosi vya utumishi wa wilaya, na hivi vya pili ndivyo raia alivyovijua zaidi: vilisindikiza wakusanya kodi, vililinda magereza, na kuzima maasi kama lile la Wapende wa Kwango mwaka 1931. Wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970, na miongoni mwao Tshibumba Kanda Matulu, waliikusanya hali hiyo katika picha moja iliyorudiwa mara nyingi na kuitwa Colonie belge: Mzungu amesimama akitazama, mfungwa amelala chini, na Mwafrika mwenye sare ameinua fimbo. Wanunuzi waliitundika ukumbini mwao. Hawakuhitaji maelezo.

4. Kutoka Lukuga hadi Tabora

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimtoa askari wa Kongo nje ya mipaka yake. Mwezi Agosti 1914 Wajerumani walishambulia Lukuga, kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 vikosi vya Kongo viliwasaidia Waingereza kulinda mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini upande wa Abercorn. Mwaka 1916, chini ya Jenerali Tombeur, majeshi yaliingia Rwanda na Burundi, yakafika Kigoma mwezi Julai, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Mwaka uliofuata yalipigana hadi Mahenge.

Tabora ilikuwa mji mkubwa wa Kiswahili barani, kituo cha kale cha misafara iliyofika hadi Ujiji na Kasongo. Askari wa Maniema au wa Tanganyika aliyeingia humo alikuta lugha aliyoijua na desturi alizozitambua. Jambo hilo ni la kuangaliwa na mtafiti wa Kiswahili, maana vita hivyo, pamoja na uchungu wake, viliwapeleka maelfu ya Wakongo katika nchi ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya barua, ya mahakama na ya shule, si ya soko peke yake.

Nyuma ya kila askari walitembea wapagazi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 260,000 walitumiwa kubeba mizigo katika vita hivyo kwa upande wa Kongo. Wengi walikufa kwa njaa, baridi ya milimani na kuhara, na si kwa risasi. Askari alipewa nishani; mpagazi hakupewa hata jina. Ubelgiji ilipewa dhamana juu ya Rwanda na Burundi. Askari aliyeziteka nchi hizo alirudi kambini, na wenzake waliomaliza muda walirudi kijijini kulipa kodi ileile.

5. Mwaka 1941: Saïo na Lubumbashi

Hakuna mwaka unaoonyesha hali ya askari huyo kwa uwazi kuliko 1941. Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Ujerumani tangu Mei 1940, na Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliiweka Kongo upande wa Uingereza. Mwanzoni mwa 1941 vikosi vya Kongo vilipita Aba na Juba, vikateremka kwa Nile, vikaingia Uhabeshi kupigana na Waitalia. Viliteka Asosa tarehe 11 Machi na Gambela siku chache baadaye. Kisha vilikwama kwa miezi mbele ya nyanda za juu za Saïo. Mvua za masika zilifunga njia, chakula kikapungua, maradhi yakaingia. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera alijisalimisha kwa Meja Jenerali Gilliaert, na pamoja naye majenerali wengine wa Italia.

Kwa mara ya kwanza askari wa kawaida wa Kongo aliona jeshi la Wazungu likiweka silaha chini mbele yake. Aliwahesabu mateka, akawalinda, akawagawia maji. Jambo aliloliona hapo halikuwa katika mafunzo ya kambini.

Miezi mitano baadaye, mbali sana na Saïo, sare hiyohiyo ilionekana katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Wafanyakazi wa Union Minière walikuwa wamegoma. Bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, ilhali mishahara ilibaki nyuma, na migodi ilihimizwa kutoa shaba zaidi kwa ajili ya ushindi. Tarehe 9 Desemba 1941 wagomaji walikusanyika uwanjani. Gavana wa jimbo, Amour Maron, aliwataka watawanyike na kurudi kazini; walikataa. Askari wakaamriwa kupiga risasi. Makumi ya watu waliuawa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wa wafanyakazi.

Matukio hayo mawili huandikwa kwa kawaida katika vitabu viwili tofauti: moja katika historia ya vita, la pili katika historia ya kazi. Yakiwekwa pamoja, yanaeleza kitu ambacho kila moja peke yake halielezi. Jeshi lililosifiwa kwa kupigania uhuru wa Uhabeshi lilikuwa ni lile lile lililowaua waliodai mshahara nyumbani. Na askari hakuwa amebadilika kati ya Julai na Desemba. Alichofanya mahali pote pawili ni kutii. Katika mitaa ya wafanyakazi alihesabiwa muuaji. Katika magazeti ya Brazzaville na London alihesabiwa shujaa. Hakuna aliyemwuliza yeye mwenyewe alijihesabu vipi.

6. Kutoka Lagos hadi Burma, na uasi wa 1944

Baada ya Saïo vita viliendelea kuwachukua Wakongo mbali zaidi. Katika miaka ya 1942 na 1943 kikosi kikubwa kilipelekwa Nijeria, kikiwa tayari dhidi ya makoloni ya Ufaransa yaliyofuata serikali ya Vichy. Kisha sehemu yake ikavuka jangwa kwa malori kutoka Lagos hadi Cairo, na wengine wakazunguka kwa meli. Walikaa Misri na Palestina hadi mwishoni mwa 1944. Wengine, waliokuwa watu wa tiba, waliunda hospitali ya nyuma ya mstari wa vita, wakapita Somalia na Madagaska, na hatimaye wakafika Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Humo walikutana na askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambao lugha yao ya jeshini ilikuwa Kiswahili. Mwuguzi wa Kongo aliyejua Kiswahili aliweza kumwuliza majeruhi wapi panamwuma, naye akajibiwa.

Wakati huo nyumbani kulikuwa na vita vya namna nyingine. Siku ambazo mwanakijiji alipaswa kufanya kazi za lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu walirudishwa msituni kukusanya mpira. Mgodi wa Shinkolobwe ulitoa urani ambayo matumizi yake hayakujulikana na waliolichimba jiwe hilo. Hivyo askari aliyekuwa Cairo alikuwa akipigania ushindi, na mama yake alikuwa akiulipia.

Tarehe 20 Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi. Cheche ilikuwa chanjo, iliyozusha hofu kwamba wakubwa walikusudia kuwadhuru. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na mambo ya siku nyingi: matusi, adhabu, mshahara, na vita visivyokwisha. Machafuko yalienea hadi Kamina na Jadotville, na Élisabethville ikashikwa na wasiwasi. Uasi ukazimwa kwa nguvu, na baadhi ya washiriki wakahukumiwa kifo. Mwezi Machi, Waafrika waliosoma wa Luluabourg waliwaandikia wakubwa waraka wakiomba hadhi ya pekee, tofauti na ile ya umma. Dola iliusikiliza waraka huo kuliko ilivyousikiliza uasi. Katika miaka iliyofuata walio na shule waliwekewa kadi ya sifa ya kiraia, mwaka 1948, na taratibu nyingine za kuwakaribisha mlangoni. Kwa saja asiyejua Kifaransa vizuri, mlango huo haukuwa wake.

7. Mstaafu mjini na kijijini

Aliyemaliza muda wake alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kurudi kijijini. Huko alikuta wazee wamekufa, mashamba yamegawanywa, na chifu aliyemtoa, au mwana wa chifu huyo, bado yuko kitini. Alijua dunia kuliko wote barazani, lakini baraza halikuwa na nafasi ya maarifa hayo. Mara nyingi mke aliyerudi naye alikuwa wa nchi nyingine, asiyejua lugha ya wakwe. Watoto waliozaliwa kambini walisema Lingala au Kiswahili, na bibi yao hakuwaelewa.

Njia ya pili ilikuwa kubaki mjini. Miji ya Katanga iliwapokea wengi kama walinzi wa majumba na maghala, polisi wa kampuni, madereva, wauguzi, wasimamizi wa kambi za wafanyakazi. Waajiri waliwapenda kwa kuwa walizoea saa na amri. Majirani waliwaogopa kidogo, wakawaheshimu kidogo, na kuwaita wakati wa misiba kwa kuwa walijua kupanga watu. Wapo waliopanda zaidi. Victor Lundula, aliyetumikia jeshi wakati wa Vita vya Pili, alikuja kuwa meya wa kata ya Kikula mjini Jadotville. Joseph-Désiré Mobutu, aliyetoka jeshini mwaka 1956 akiwa na cheo cha chini, aliingia katika uandishi wa habari. Lakini hao walikuwa wachache, na cheo cha Lundula hakikutokana na jeshi bali kilimjia baada ya kulipa mgongo.

Mwaka 1965, mjini Lubumbashi, André Yav na wenzake waliokuwa watumishi wa nyumbani waliandika kwa Kiswahili historia ya mji wao, ili kazi ya mabwana na watumishi wao isisahaulike. Askari wastaafu hawakuacha kitabu cha namna hiyo. Historia yao ilibaki katika masimulizi ya jioni, na masimulizi hufa pamoja na msimulizi.

8. Julai 1960

Uhuru ulipokaribia, jeshi lilikuwa na watu takriban 24,000. Maofisa wake, wapatao 1,000, wote walikuwa Wabelgiji. Hapakuwa na hata Mkongo mmoja mwenye cheo cha ofisa. Mapema mwaka 1960 barua za askari zilionekana magazetini, zikiuliza kwa nini makarani watakuwa mawaziri ilhali masaja watabaki masaja. Waliokuwa zamu katika ghasia za Léopoldville za Januari 1959, wakiwapiga waliodai uhuru, sasa walitakiwa kuulinda uhuru huohuo chini ya makamanda wale wale. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya sherehe, Jenerali Émile Janssens aliwakusanya askari Léopoldville akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Alikusudia kurudisha nidhamu. Kwa hakika alikuwa ametamka kwa ufupi historia nzima ya soda: Lukuga, Tabora, Saïo, Burma, na baada ya kila safari, ileile. Usiku huo kambi ya Léopold II na ile ya Thysville zikachafuka. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alimwondoa Janssens, akampandisha kila askari cheo kimoja, na tarehe 8 Julai Lundula akawa kamanda mkuu, Mobutu akiwa mkuu wa watumishi wa jeshi. Cheo kilichokataliwa kwa miaka sabini kilitolewa kwa siku tatu. Tarehe 9 Julai uasi ulifika kambi ya Massart, Élisabethville. Wazungu kadhaa waliuawa, askari wa miavuli wa Ubelgiji wakaingia, na tarehe 11 Katanga ikatangaza kujitenga.

Haifai kuficha maovu yaliyofanywa na askari katika siku hizo, hasa dhidi ya wanawake na raia wasio na silaha. Kueleza chanzo si kusafisha tendo. Lakini anayeyasimulia maovu hayo kana kwamba yalizuka asubuhi moja huyafuta maisha ya watu waliofundishwa, tangu ujana, kwamba mamlaka ni kumlaza mtu chini na kuinua fimbo.

9. Uzee

Baada ya 1960 askari wa zamani waligawanyika. Wengine waliingia jeshi jipya la taifa. Wengine, chini ya Norbert Muké ambaye naye alitoka Force Publique, waliingia jandarma ya Katanga, wakaja kupigana na wenzao wa kambi moja. Jandarma hiyo iliposhindwa Januari 1963, wengi wa watu wake walivuka kwenda Angola, na majina yao yakasikika tena katika vita vya Shaba vya 1977 na 1978.

Kwa mstaafu aliyebaki nyumbani, adui alikuwa sarafu. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua nafasi ya franki 1,000. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa ghafla, na akiba za wengi zikapotea. Mwaka 1993 zaire mpya moja ikawa sawa na zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 franki ya Kongo ikawekwa kwa thamani ya zaire mpya 100,000. Ukizidisha hesabu hizo, franki moja ya 1998 ni sawa na franki trilioni 300 za wakati mzee huyo alipovua sare. Malipo yoyote yaliyoandikwa kwa fedha ya zamani yaligeuka karatasi. Na Septemba 1991, tena Januari 1993, askari wa kizazi kipya, ambao mishahara yao ilikuwa imeoza vivyo hivyo, waliingia madukani na kupora. Wajukuu walirudia swali la babu zao kwa mikono yao.

Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyetumikia Burma, akitajwa kuwa wa mwisho aliyebaki hai kati ya Wakongo waliopigana Vita vya Pili. Heshima hiyo ilistahili. Ilifika miaka 77 baada ya vita, ilipobaki shingo moja ya kuivaa.

10. Hitimisho

Maisha ya askari wa kawaida wa Force Publique yanaonyesha mambo matatu. Kwanza, ukoloni haukutawala kwa wageni peke yao. Ulitawala kwa mikono ya wana wa nchi waliotengwa na nchi yao kwa utaratibu uliopangwa. Pili, mtengano huo haukuisha bendera ilipobadilishwa, kwa kuwa desturi za kambi, lugha ya amri na mazoea ya kumwona raia kama windo zilirithiwa pamoja na majengo. Jeshi limeitwa ANC, kisha FAZ mwaka 1971, FAC mwaka 1997, na FARDC tangu 2003. Kubadilisha jina ni kazi ya siku moja, kubadilisha kambi ni kazi ya kizazi. Tatu, askari asiyelipwa, asiyepandishwa cheo na asiyeheshimiwa katika uzee wake hageuki kuwa mlinzi wa raia kwa kuhubiriwa.

Kwa wanaosoma Kiswahili katika vyuo vya Kongo, kazi iliyobaki ni kubwa. Karibu wote waliopigana hawapo tena, lakini watoto waliozaliwa kambini wangalipo Lubumbashi, Likasi, Kamina na Kalemie. Wanajua nyimbo za mwendo, majina ya vyakula vya posho, matusi ya masaja, na barua ambazo mama zao walisomewa na makarani. Hayo yote ni akiba ya lugha na ya historia kwa pamoja. Yakikusanywa sasa, soda atakuwa na kitabu chake kama walivyokuwa nacho watumishi wa nyumbani tangu 1965. Yasipokusanywa, atabaki alivyochorwa ukutani: mtu mwenye sare, ameinua fimbo, uso wake haumfanani mtu yeyote.